Kukata Pori Hadi Maporomoko ya Maji Wakati wa Baridi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyezoea kutembea milimani na misituni kwenye njia zinazoeleweka, ambaye sasa anataka kuiacha njia na kukata pori hadi kwenye maporomoko yasiyo na kibao wala ngazi, katika majira ambayo maji huganda. Majibu yanahusu safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, kwa miguu, bila kamba, katika halijoto ya kuanzia nyuzi 8 juu ya sifuri hadi nyuzi 15 chini yake. Nyuzi zote za joto ni za Selsiasi. Kukwea maporomoko yaliyoganda ni fani nyingine na haimo humu.

Kwenda maporomoko kuna tofauti gani na kupanda kilele wakati wa baridi?

Tofauti ni majimaji. Maji huondoa joto mwilini takriban mara 25 kwa kasi kuliko hewa yenye halijoto hiyohiyo, na maporomoko yanakurushia maji hata kama hujagusa mto. Maji yanayoanguka huburuta hewa, hivyo chini yake huwa kuna upepo hata siku ambayo msitu wote umetulia. Upepo huo hubeba manyunyu makumi ya mita, na yakitua kwenye mwamba ulio chini ya sifuri huganda papo hapo, yakaacha utando wa barafu unaoonyesha rangi ya mwamba ulio chini yake. Mtu anaona jiwe jeusi lililolowa, anaweka mguu, kumbe ni kioo.

Halafu kuna korongo lenyewe. Hewa ya baridi ni nzito, huteremka na kutuama mabondeni, na jua la majira ya baridi huenda lisifike chini kabisa. Kipimo cha joto ulichosoma mwanzo wa safari hakikuambii hali ya huko chini. Na kelele nazo ni tatizo: karibu na maporomoko makubwa humsikii mwenzako aliye hatua tano kutoka ulipo, wala husikii kipande cha barafu kinachokatika juu yako.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya majibu yafuatayo inarudi kwenye jambo moja, kubaki mkavu.

Ipi mbaya zaidi: nyuzi 10 chini ya sifuri au nyuzi 3 juu?

Kwa safari ya aina hii, mara nyingi ni nyuzi 3 juu ya sifuri. Kwenye baridi kavu theluji hukung'utika kutoka kwenye nguo, ardhi imekaza, na vijito vina maji machache. Kwenye nyuzi 3 theluji hulowesha, matawi yanadondosha maji shingoni, mvua hunyesha ikiwa mvua, na vijito hujaa. Watu hudharau siku kama hiyo kwa sababu namba haitishi.

Usisome halijoto bila upepo. Hewa ya nyuzi 0 yenye upepo wa kilomita 30 kwa saa hupoza ngozi iliyo wazi kama hewa tulivu ya nyuzi 6 au 7 chini ya sifuri. Kwa upepo huohuo, nyuzi 10 chini ya sifuri huwa kama nyuzi 20 chini. Utabiri mwingi pia hutolewa kwa ajili ya mji ulio bondeni. Toa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda.

Siku mbaya kuliko zote ni ile ambayo baridi kali ya siku kadhaa imefuatwa ghafla na joto. Barafu iliyoshikilia miamba inaachia, madaraja ya theluji juu ya vijito yanakuwa laini, na mteremko uliokuwa salama jana leo unaporomosha theluji. Siku hiyo achana na korongo.

Nitajuaje kwenye ramani kama maporomoko yanafikika bila kamba?

Tumia ramani ya kontua, yaani yenye mistari inayounganisha sehemu za mwinuko sawa, ya kipimo cha 1:25,000 ukiipata. Sentimita 1 hapo ni mita 250. Ya 1:50,000 inafaa kwa picha ya jumla tu. Tafuta mahali mistari ya kontua inapokatiza kijito ikiwa imebanana. Hapo ndipo maji yanapoanguka. Kisha angalia pande zote mbili za kijito kutoka hapo: upande ambao mistari inaachana ndio mlango wako.

Pima mteremko kabla ya kuuamini. Mistari sita yenye tofauti ya mita 10 ikiwa ndani ya milimita 2 kwenye 1:25,000, unapanda mita 50 ndani ya mita 50 za mlalo, yaani nyuzi 45. Huo si mteremko wa kutembea kwenye theluji au majani yaliyolowa. Lenga miteremko ya chini ya nyuzi 25. Kati ya nyuzi 30 na 45 ndipo theluji hupenda kukatika na kuporomoka kwa bamba zima, na korongo ni mtego kwa sababu hata theluji kidogo ikiingia humo hurundikana kwa kina kikubwa.

Ramani huficha mambo. Kontua za kila mita 10 zinaweza kumeza jabali la mita 8 lisionekane kabisa. Picha za setilaiti husaidia kuona kivuli cha jabali na ukubwa wa miti, lakini kumbuka nyingi hupigwa majira ya joto, kwa hiyo hazikuonyeshi theluji wala barafu.

Jambo la mwisho, amua mapema unataka kufika chini ya maporomoko au juu yake. Hizo ni safari mbili tofauti na mara nyingi haziunganiki. Tunashauri chini. Ukiteleza chini unaumia goti. Ukiteleza juu, karibu na ukingo, hakuna cha kukuzuia.

Si nifuate mto tu, nao utanifikisha?

Utakufikisha, lakini kwa njia mbaya kuliko zote. Kando ya mto ndiko kuna vichaka vizito, magogo yaliyoanguka, kingo zilizoliwa na maji na theluji iliyotanda juu ya uwazi. Kijito chenye maporomoko makubwa karibu kila mara kina mengine madogo, ambayo kila moja litakulazimisha upande na kuzunguka. Anayeshuka na mto yuko hatarini zaidi, kwa sababu anaweza kuteremka kijabali ambacho hawezi kukipanda tena, kisha akakuta kingine mbele asichoweza kukishuka.

Tembea kwenye bega la mlima au mgongo wa kilima, mahali penye miti mikubwa na vichaka vichache, mpaka uwe sambamba na maporomoko. Kisha shuka kwa mstari uliouchagua nyumbani.

Unaposhuka kuelekea kijito kwa dira, usilenge maporomoko yenyewe. Dira ikikosewa kwa nyuzi 5 tu unapotoka karibu mita 90 kwa kila kilomita, na ukifika kwenye maji hutajua ugeuke kulia au kushoto. Lenga makusudi mita 150 hadi 200 upande wa chini wa mto. Ukikuta maji unajua moja kwa moja kwamba unapanda nayo. Usilenge upande wa juu, maana utajikuta unateremka kuelekea ukingo usiouona.

Safari itachukua muda gani?

Kanuni ya William Naismith ya mwaka 1892 bado ni mwanzo mzuri: saa 1 kwa kila kilomita 5, pamoja na saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Lakini ni ya mtu mwenye afya anayetembea mahali pazuri. Nje ya njia, kwenye magogo, mawe na theluji ya kifundoni, panga kilomita 1 hadi 1.5 kwa saa. Theluji ikifika gotini, au vichaka vikiwa vya kupenya kwa mikono, hata nusu kilomita kwa saa ni kazi.

Chukua mfano wa kilomita 3 nje ya njia zenye mita 300 za kupanda. Kanuni ya Naismith inatoa kama dakika 66. Hesabu ya pori ni saa 2 hadi 3 za mwendo na nusu saa ya kupanda. Ukipanga kwa namba ya kwanza utarudi gizani.

Saa ya kugeuka huhesabiwa kutoka nyuma. Jua likizama saa 11 jioni, uwe umerudi kwenye njia saa 10. Kama kurudi kunahitaji saa 3, unaondoka maporomoko saa 7 mchana, umefika au hujafika. Andika saa hiyo kwenye karatasi na uwaambie wenzako kabla ya kuanza, kwa sababu ukishaanza kusikia mngurumo wa maji mbele, hakuna anayetaka kugeuka. Na usidhani kurudi ni haraka kuliko kwenda. Nyayo zako kwenye theluji zitakusaidia kutopotea, ila kilichopandika kwa urahisi asubuhi kinaweza kuwa utelezi mtupu mchana, nawe umechoka.

Nivae nini?

Acha pamba nyumbani, hata chupi na soksi. Pamba hunywa maji, huyashika, na ikishalowa haikupi joto. Mwilini vaa nguo nyepesi ya sufu au polyesta inayobana kidogo, juu yake sweta la sufu au flisi, na juu kabisa koti na suruali visivyopitisha maji. Suruali ya mvua husahauliwa sana, ilhali mapaja ndiyo yanayopasua vichaka vyenye theluji.

Anza ukiwa unahisi baridi kidogo. Dakika kumi baada ya kuanza, simama upunguze nguo kabla hujatoka jasho. Jasho la saa ya kwanza ndilo baridi ya saa ya nne. Ukisimama kwa zaidi ya dakika mbili tatu, vaa koti nene mara moja, juu ya kila kitu, usingoje kutetemeka. Kwa maporomoko tunapendelea koti lililojazwa nyuzi za viwandani kuliko manyoya ya ndege, kwa sababu manyoya yakilowa hujikunja na kupoteza joto.

Koti na suruali ya mvua vaa mita 100 kabla ya kuingia kwenye manyunyu, ukiwa bado mkavu, na ufunge kofia ya koti na mikono. Watu wengi husubiri waone matone. Wakati huo sweta limeshalowa. Ukitoka, kung'uta barafu kwenye koti na uendelee kulivaa hadi utoke kwenye upepo.

Glovu chukua jozi tatu: nyembamba za kazi, nene zisizopitisha maji, na za akiba. Akiba hiyo, pamoja na soksi mbili na nguo ya mwilini, ifungwe kwenye mfuko wa plastiki usiovuja na isiguswe mpaka ihitajike kweli. Mfuniko wa begi peke yake hautoshi. Ukianguka majini, maji huingia kutokea mgongoni.

Viatu gani, na nahitaji vyuma vya barafu?

Buti ngumu kiasi, zinazofunika kifundo, zenye nafasi ya kutikisa vidole ukiwa umevaa soksi nene. Soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana huleta baridi zaidi kuliko moja, kwa kuwa damu haipiti. Juu ya buti funga vitambaa vya kuzuia theluji vinavyofika chini ya goti.

Minyororo yenye miiba midogo, ile inayovutwa juu ya kiatu kwa mpira, inatosha kwenye barafu ya tambarare na miteremko midogo. Ivae kabla ya kufika kwenye barafu. Kuivaa ukiwa umesimama kwa mguu mmoja juu ya utelezi ndiko kunakoangusha watu. Ina udhaifu wake: mpira hukatwa na mawe na matawi nje ya njia, theluji mbichi huganda chini yake ikawa donge, na kwenye mteremko mkali huzunguka na kutoka upande. Kagua kila mara unapopumzika, gonga donge kwa fimbo.

Kramponi za meno marefu zinahitaji kiatu kigumu na mazoezi. Kama mteremko unazihitaji, umeshatoka kwenye matembezi ukaingia kwenye ukweaji.

Fimbo mbili za kutembelea zenye visahani vya theluji ni lazima. Zinapima kina cha theluji kabla ya mguu, na zinakupa miguu minne kwenye vijito. Toa mkono kwenye kamba ya fimbo unapopita magogo na mawe, ili fimbo ikinasa isikuvunje kifundo cha mkono.

Simu yenye ramani inatosha?

Haitoshi peke yake. Betri za lithiamu za simu hupoteza nguvu kwenye baridi, na simu iliyoonyesha asilimia 40 inaweza kuzima ghafla. Iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, pakua ramani kabla, zima mtandao. Betri ya akiba nayo ikae ndani ya nguo, na usichaji simu iliyoganda. Ipashe kwanza mwilini.

Ndani ya korongo mawimbi ya GPS hugonga kuta na kurudi, kwa hiyo alama yako inaweza kuruka makumi ya mita, pengine ikakuweka ng'ambo ya mto. Ukiona inaruka, iamini dira, kontua na altimita (kipima mwinuko). Beba ramani ya karatasi ndani ya plastiki, na kabla ya safari rekebisha dira kwa tofauti ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya ramani ya eneo hilo. Usiweke simu na dira mfuko mmoja.

Hifadhi kwenye GPS pointi tatu zilizo muhimu kwa kurudi: ulipoiacha njia, ulipoanza kushuka korongoni, na kila kivuko. Geuka nyuma mara kwa mara uangalie mandhari jinsi yatakavyoonekana ukirudi.

Nivukeje kijito?

Kwanza jiulize kama ni lazima. Dakika 40 za kuzunguka ni nafuu kuliko miguu iliyolowa kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri.

Kama ni lazima, tafuta mahali mto ulipopanuka, ulionyooka, wenye changarawe chini. Mahali pembamba panavutia lakini maji yake ni marefu na ya kasi. Usivuke kamwe juu ya maporomoko mahali ambapo ukianguka mkondo utakufikisha ukingoni, na usivuke mahali ambapo chini yake mtoni kuna magogo yaliyokwama, kwa sababu maji yatakubana chini yake. Tupa kijiti majini na utembee nacho ukingoni. Kikikupita, maji hayo ni ya kasi, na yakifika gotini yanatosha kukuangusha. Kama yanazidi goti, rudi.

Usiruke kutoka jiwe hadi jiwe. Wakati wa baridi vichwa vya mawe ndivyo vilivyoganda. Chini ya maji hakuna barafu hiyo. Ni salama zaidi kulowa miguu kwa kupanga kuliko kulowa mwili mzima kwa kuruka.

Vua soksi na vitandiko vya ndani vya viatu, uvitie kwenye mfuko mkavu. Vaa buti tupu, ufunge kamba vizuri. Kunja suruali au uivue. Fungua mkanda wa kiunoni na wa kifuani wa begi ili ulitupe ukianguka. Kisha ingia ukielekeza uso juu mto unakotoka, fimbo mbele yako, na usogee kwa upande, ukihamisha kitu kimoja tu kwa wakati: fimbo, mguu, mguu. Usipishanishe miguu. Ng'ambo, mwaga maji kwenye buti, kausha miguu kwa kitambaa, rudisha soksi kavu, na utembee kwa nguvu dakika kumi bila kusimama.

Kijito cha asubuhi si cha jioni. Theluji huyeyuka mchana, na barafu ikiziba mkondo juu maji yanaweza kupanda kisha kuachiwa kwa mkupuo. Kabla ya kuvuka jiulize kama utaweza kurudi yakiongezeka kwa sentimita 20.

Ukianguka kwenye maji ya barafu, kumbuka 1-10-1. Dakika 1 ya kwanza pumzi inakatika na kazi ni kutopapatika kwa woga: kichwa juu, tuliza pumzi. Una kama dakika 10 ambazo mikono bado inakutii, zitumie kutoka. Inachukua kama saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi, kwa hiyo hofu ya dakika ya kwanza ni hatari kuliko baridi yenyewe.

Bwawa chini ya maporomoko limeganda. Naweza kulikanyaga?

Hapana. Kipimo cha sentimita 10 za barafu safi ngumu kinachotajwa sana ni cha ziwa tulivu. Chini ya maporomoko maji yanazunguka na kuila barafu kutoka chini, unene wake hubadilika ndani ya hatua moja, na theluji juu yake huficha yote. Vilevile usipande koni ya barafu inayojijenga chini ya maji yanayoanguka. Mara nyingi ni tupu ndani.

Nikifika, nisimame wapi?

Simama kwanza nje ya manyunyu, dakika mbili, utazame. Juu yako kuna nini? Nguzo za barafu zinazoning'inia hukatika hasa jua linapozigusa au joto linapopanda, na vipande hurukia mbali na mahali vinapoangukia. Theluji iliyo chini ina vipande vya barafu vilivyochimba mashimo mapya? Basi hapo ni uwanja wa kuangukia.

Kisha tazama miamba. Kwaruza jiwe kwa ncha ya fimbo kabla ya kulikanyaga. Ikitoa alama nyeupe au kigae kidogo kikaruka, hiyo ni barafu. Jiwe lisilong'aa, lenye chembe chembe za kukwaruza, ni mwamba. Angalia majani ya ukingoni: yakiwa yamevikwa barafu upande mmoja tu, upande huo ndio unaopokea manyunyu, na mstari ambapo majani yanaanza kuwa makavu ndio mpaka wako mzuri wa kusimama. Mstari huo huhama upepo ukigeuka.

Kubalianeni ishara za mikono mapema, kwa sababu ya kelele: "njoo", "simama", "rudini". Kaeni mnaonana.

Kwa picha, funga kamera kwenye mguu wa kamera nje ya manyunyu na utumie muda wa robo sekunde hadi sekunde 1 kama unataka maji laini. Beba vitambaa vitatu vya kufutia lenzi, kwani kimoja kitalowa dakika ya kwanza. Kabla ya kuingia mahali pa joto, ifungie kamera kwenye mfuko wa plastiki ipashe polepole, la sivyo unyevu utatanda ndani.

Chakula na maji?

Kula kidogo kidogo, kila nusu saa au dakika 45, vitu vinavyolika na glovu mkononi na visivyogeuka jiwe kwenye baridi. Viweke mfukoni, maana chakula kilicho chini ya begi hakiliwi. Gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa ni kiasi cha kutosha kwa wengi.

Beba lita 2, moja ikiwa ya moto na tamu kwenye chupa ya chai. Chupa ya kawaida igeuze kichwa chini ndani ya begi. Maji huanza kuganda juu, hivyo mdomo utabaki wazi. Mifuko ya maji yenye mrija huganda mrijani kwanza.

Maji ya kijito yanahitaji kutibiwa hata wakati wa baridi. Chujio la nyuzi zenye matundu likishatumiwa mara moja kisha likaganda, nyuzi hupasuka bila wewe kuona, na haliaminiki tena, kwa hiyo liweke karibu na mwili lisigande. Vidonge huchukua muda mrefu zaidi kwenye maji ya baridi, vingine hadi saa 4, kwa hiyo fuata maelezo yake. Kuchemsha hadi yatokote kwa dakika 1, au dakika 3 juu ya mita 2,000, hakuna mashaka. Kwenye jiko, mtungi wenye butani peke yake hautoi gesi ukifikia nusu nyuzi chini ya sifuri. Chagua mchanganyiko wenye propani.

Nitatambuaje kwamba mwili wa mtu unapoa kupita kiasi?

Hali hiyo, haipothemia, huanza joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35. Lakini hutapima joto porini, utamtazama mtu. Anajikwaa. Anaongea kwa kuvuta maneno. Anashindwa kufunga zipu. Anakaa kimya nyuma ya kundi, au anasema yuko sawa kwa hasira. Mwambie aguse kidole chake kidogo kwa kidole gumba cha mkono huohuo. Asipoweza, mikono imeshapoa sana. Mwambie ahesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa saba saba. Akili iliyopoa hukwama mapema. Kutetemeka kukikoma bila yeye kupata joto, hali ni mbaya, kwani hutokea mwili unapokaribia nyuzi 32.

Akiwa bado anatetemeka na anaongea vizuri: mtoe kwenye upepo na manyunyu, mkalishe juu ya mkeka wa povu au begi asiguse ardhi, mvue vilivyolowa umvike vikavu, koti nene, kofia, turubai la kumzungushia, kinywaji cha moto chenye sukari na chakula. Sukari ndiyo kuni ya kutetemeka. Mpe kama nusu saa apate nguvu kabla ya kumtembeza.

Akiwa amechanganyikiwa au hatetemeki: mlaze, msogeze polepole kama chombo cha udongo, usimsimamishe wala kumtembeza, usimsugue mikono na miguu, usimpe cha kunywa kama hawezi kumeza vizuri. Vitu vya moto viweke kifuani na kwapani, juu ya kitambaa, si kwenye ngozi tupu. Mwili wa mtu huyu ukitikiswa moyo unaweza kuvuruga mapigo. Ita msaada sasa hivi. Pombe hapana, katika hatua yoyote.

Vidole vimekuwa vyeupe na havina hisia.

Vipashe kwa ngozi: kwapani kwako, au tumboni kwa mwenzako. Usivisugue, hasa kwa theluji, na usivioteshe moto, maana havihisi kuungua. Vikiwa vigumu kama nta, usiviyeyushe porini kama kuna uwezekano vitaganda tena njiani. Hilo huharibu zaidi kuliko kubaki vimeganda. Huyeyushwa kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, mahali pa joto, kisha daktari.

Naweza kwenda peke yangu?

Kwa hali tulizoeleza, tunashauri usiende. Idadi nzuri ni wanne: mmoja akiumia, mmoja anabaki naye na wawili wanakwenda kutafuta msaada.

Hata mkiwa wengi, achia mtu nyumbani maandishi yenye mambo haya: mnapoegesha gari, mnapoiacha njia, upande wa mto mtakaotembea, rangi za makoti, saa ya kugeuka, na saa ambayo asipopata habari apige simu. Saa hiyo ya mwisho iwe na nafasi ya kuchelewa ya kawaida, kama saa 2, ila ikishafika asisite.

Mtu akivunjika mguu korongoni tunaitaje msaada?

Mtoeni kwanza kwenye manyunyu, hata kwa kumburuta juu ya turubai. Kisha mtu mmoja apande begani juu ya korongo, kwa sababu simu na vifaa vya setilaiti vinahitaji kuona anga. Kifaa cha dharura cha megahezi 406 hutuma ishara kwenye mfumo wa setilaiti wa Cospas-Sarsat. Kiwekwe wima, antena ikiwa wazi, na kisizimwe hadi waokoaji wafike. Namba 112 hufanya kazi nchi nyingi, lakini jua namba ya eneo lako kabla ya safari.

Filimbi: milio 6 kwa dakika, pumzika dakika moja, rudia. Jibu ni milio 3 kwa dakika. Katika maeneo mengine milio 3 yenyewe ndiyo ishara ya hatari, kwa hiyo ukisikia yoyote kati ya hizo, itikia. Tochi ya kichwani hutumia mpangilio huohuo gizani, na karibu na maporomoko inafaa kuliko filimbi.

Je, tutaharibu mahali?

Mnaweza. Kuvumwani na mimea ya manyunyu huishi kwa unyevu wa hapo tu, na kipande kilichobanduliwa na kiatu huchukua miaka kurudi. Kanyageni theluji nene, changarawe na mwamba mtupu. Kwenye majani, tawanyikeni ili msichore njia mpya. Panapokuwa na kijia tayari, fuataneni mmoja nyuma ya mwingine. Msifunge vitambaa kwenye miti. Haja kubwa huzikwa sentimita 15 hadi 20, angalau mita 60 kutoka kwenye maji. Ardhi ikiwa imeganda na haichimbiki, hufungwa kwenye mifuko miwili na kurudi nanyi.

Tumegeuka kabla ya kufika. Turekodi nini kwa safari nyingine?

Mahali hasa mlipogeukia na sababu, pamoja na picha ya kizuizi kutoka upande mliosimama. Muda halisi kutoka njia hadi hapo. Kina cha theluji kwenye miteremko ya kivulini na ya juani, kwa sentimita. Halijoto na upepo, na siku tatu zilizotangulia zilikuwaje. Kijito kilifika wapi kwenye jiwe au mti unaotambulika, saa ngapi. Kama mnaona maporomoko kwa mbali, pigeni picha ya kuta zote mbili za korongo, maana mkiwa nyumbani na ramani mezani ndipo mstari mzuri wa kushukia huonekana, mara nyingi kwenye upande ambao hamkuufikiria.